Kamera Haionekani: Nani Hasa Haioni?

Mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliingia kwenye kibanda changu saa tano asubuhi akiwa ameikumbatia laptopu kama mtoto mwenye homa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye saa ya ukutani. Mjukuu wake wa kwanza alikuwa amezaliwa Muscat wiki moja kabla, na saa nane mchana familia ya huku Tanga ilikuwa ikutane naye kwa Zoom.

“Mwanangu, kamera imekufa,” akaniambia. “Fundi wa kwanza kasema bodi imeungua, anataka laki na nusu. Wa pili anataka apige window upya. Mimi picha za marehemu babake zimo humu, sitaki ziguswe.”

Nikaiwasha. Programu ya kamera ya Windows ikafunguka na kuandika kwamba haijapata kamera yoyote, na chini yake namba 0xA00F4244. Nikafungua “Device Manager”, ile orodha ya vifaa vyote ambavyo kompyuta inavitambua. Mstari wa “Cameras” haukuwepo kabisa. Si kwamba ulikuwepo na alama ya hitilafu, la, haukuwepo. Basi nikaigeuza laptopu ubavu, nikapitisha kidole ukingoni, karibu na tundu la USB. Pale palikuwa na kitelezi kidogo kama punje ya mchele, na kando yake mchoro wa kamera uliofifia kwa kushikwashikwa. Nikakisukuma upande wa pili. Kompyuta ikalia ule mlio wake wa kupokea kifaa kipya, mstari wa “Cameras” ukajitokeza kwenye orodha, na mama akajiona usoni mwa skrini akiwa amefungua mdomo.

Sikumtoza kitu. Nilichukua rangi nyeupe ya kucha, nikaweka nukta upande wa kuwashia, akaenda zake.

Nimelifikiria sana tukio lile, maana wale mafundi wawili si watu wasiojua kazi. Kilichowapoteza ni kwamba walimeza neno la mteja bila kulitafuna. Mteja akisema “kamera haionekani”, swali la kwanza linapaswa kuwa: haionekani na nani? Umeme wa kompyuta ndio hauifikii? Windows ndiyo haijaijua? Au Windows inaiona vizuri kabisa, ila Zoom ndiyo imenyimwa ruhusa? Hayo ni magonjwa tofauti yenye dalili moja, na dawa ya moja haigusi jingine. Kupiga window upya, yaani kusakinisha Windows tena, hakusogezi kitelezi, na kubadilisha bodi hakutoi ruhusa.

Safari ya picha kutoka kioo hadi Zoom

Watu wengi hawajui kwamba kamera iliyo juu ya skrini ya laptopu, mara nyingi, ni kifaa cha USB kama flashi. Haina tundu la nje, lakini kutoka kwenye kipande chake kidogo cha bodi kunashuka nyaya nyembamba, zinapita pembeni ya skrini, zinajikunja ndani ya bawaba, kisha zinaingia kwenye bodi kuu. Mbili kati ya hizo ni za umeme, na mbili ni za data. Kwa hiyo karibu kila nitakaloeleza hapa linazihusu kamera za ndani na za kuchomeka kwa pamoja.

Kamera ikipata umeme, huvuta waya mmoja wa data juu kwa kipingamizi cha oumu 1,500. Hiyo ndiyo hodi. Kompyuta ikisikia hodi, huiuliza kamera: wewe ni nani? Kamera hujibu kwa namba mbili, ya kiwanda na ya bidhaa. Ukiona 046D, kwa mfano, huyo ni Logitech. Kompyuta huipa anwani, kisha hutafuta draiva, yaani programu inayojua kuzungumza na kifaa cha aina hiyo. Draiva ikipatikana, kamera huandikwa kwenye orodha. Baada ya hapo Windows huangalia kama mwenye kompyuta ameruhusu kamera itumike, na programu gani imeruhusiwa. Mwisho kabisa, programu yenyewe lazima iwe imechagua kamera hiyo na si nyingine.

Hodi, utambulisho, draiva, ruhusa, uchaguzi. Mnyororo ukikatika popote, wewe utaona kitu kilekile: mraba mtupu na maneno kwamba hakuna kamera. Kazi yote ya kutafuta hitilafu ni kujua pete gani imekatika, na “Device Manager” hukujibu nusu ya swali hilo kwa dakika moja. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Windows, utaikuta. Tafuta “Cameras”, au “Imaging devices” kwenye mashine za zamani kidogo.

Kabla ya hapo nitenganishe jambo moja ambalo watu hulichanganya. Picha nyeusi si sawa na kamera isiyoonekana. Ikiwa programu inafunguka, taa ya kamera inawaka, lakini unaona giza tupu, basi mnyororo wote ni mzima na kitu kimeziba kioo cha kamera. Kwenye ThinkPad nyingi za kuanzia 2018 kuna kifuniko kidogo cha kutelezesha mbele ya kioo. Kukifunga hakukati umeme, huzuia mwanga tu, na kompyuta itaendelea kusema kamera ipo. Watu wengine hubandika karatasi au selotepu, halafu miezi ikipita husahau. Tofauti na hapo, vile vitelezi vya ubavuni kama cha yule mama hukata kamera kwa umeme, na kwa kompyuta ni sawasawa na kuichomoa. Kwenye laptopu nyingine kazi hiyo hufanywa na kitufe cha kibodi chenye mchoro wa kamera. MSI huiweka kwenye Fn na F6, wengine kwingine. Tazama vitufe vya safu ya juu kimoja kimoja.

Ikiwa haimo kwenye orodha kabisa

Hapa ndipo pabaya zaidi na ndipo watu wanapopoteza fedha, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza, iwashe upya kompyuta, lakini kwa kuchagua “Restart”. Usichague “Shut down”. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi zikizimwa kwa “Shut down” hazizimiki moja kwa moja. Huhifadhi kiini cha Windows pamoja na draiva kwenye diski, ili kesho yake ziamke haraka. Draiva iliyokwama jana huamka ikiwa imekwama vilevile leo. Nimekutana na mtu aliyeniapia kwamba ameizima na kuiwasha mara kumi, na alisema kweli, ila hata mara moja haikuanza upya. “Restart” moja ikatosha. Laptopu ikikataa hata hapo, izime, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde thelathini. Kamera ina kichakato chake kidogo ndani, nacho huganda. Ukikinyima umeme wote kinaanza upya kwa akili timamu.

Pili, ndani ya “Device Manager” bonyeza “View”, kisha “Show hidden devices”. Wachache sana hulijua hili. Hufichua vifaa ambavyo kompyuta iliwahi kuvijua lakini sasa haivioni, na jina la kila kimoja huwa limefifia. Ukiikuta kamera yako pale, imepauka, ukaibofya na kusoma “Code 45”, umepata habari kubwa: mashine hii ilikuwa na kamera inayofanya kazi, na sasa hodi haisikiki. Acha kuhangaika na ruhusa za Zoom. Tatizo liko kwenye kitelezi, kwenye waya, au kwenye BIOS.

BIOS ni mipangilio ya chini kabisa ya kompyuta, inayosomwa kabla Windows haijaamka. Kwa sisi wa Afrika Mashariki inatuhusu kuliko tunavyodhani, kwa sababu laptopu nyingi tunazonunua ni mitumba ya maofisi ya Ulaya, Marekani na Ghuba. Kampuni nyingi za huko, hasa benki na zile zenye siri za kazi, huzima kamera kwenye BIOS ili hata Windows isijue kwamba ipo. Mashine ikimaliza mkataba wake hufutwa diski, huuzwa kwa jumla, hupakiwa kwenye kontena, na inafika Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi ikiwa imebeba marufuku ile ya ofisi ya zamani. Wewe unapiga window mara tatu, kamera haiji. Kuingia BIOS, bonyeza F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP, F1 kwenye ThinkPad, mara tu mashine inapowaka. Tafuta “Integrated Camera” au “Enable Camera”, kwa kawaida kwenye sehemu ya vifaa vya ndani au ya usalama. Ikiwa imezimwa, iwashe, hifadhi, toka. Ukikuta BIOS ina nenosiri, ni la ofisi ile. Mrudie aliyekuuzia kabla siku za warantii yake hazijaisha.

Tena zipo laptopu za ofisi ambazo hazikuwekwa kamera tangu kiwandani. Kampuni iliagiza hivyo, na pale ambapo kioo kingekaa pana plastiki tupu tu. Ukinunua mtumba, tazama ukingo wa juu wa skrini chini ya mwanga. Kama huoni duara la kioo, hakuna draiva ya kulileta.

Tatu ni waya wenyewe. Kila ukifungua na kufunga laptopu, nyaya zile ndani ya bawaba hukunjwa na kukunjuliwa. Baada ya miaka minne au mitano ya kufunguliwa kwa kushika pembe moja, plastiki yake hupasuka na shaba nyembamba hukatika uzi mmoja mmoja. Dalili yake huifahamu ukishaiona mara moja: fungua programu ya kamera, kisha isogeze skrini taratibu mbele na nyuma. Kama picha inakuja skrini ikisimama wima na kupotea ukiilaza, huku kompyuta ikilia mlio wa kupokea na wa kuaga kifaa, waya umekwisha. Mwaka jana kijana wa chuo aliniletea moja ya namna hiyo. Nilipobandua fremu ya skrini na kumwonyesha, waya wa kijani ulikuwa umeshikwa na ngozi yake ya plastiki tu, ndani hapana kitu, na karibu na soketi kulikuwa na kutu ya kijani kibichi. Huku pwani hewa ya chumvi hula soketi za vifaa hata kama mashine haijawahi kuingia maji. Nilisafisha soketi kwa spiriti safi na mswaki laini, tukaagiza waya mpya. Kwenye mashine nyingi waya huo ni mmoja na ule wa skrini, kwa hiyo skrini ikianza kumwekamweka siku zilezile kamera inapopotea, mkosaji ni yuleyule.

Iko kwenye orodha, lakini na alama ya hitilafu

Ukiikuta kamera imeandikwa na kialama cha mshale ukitazama chini, mtu au programu imeizima. Bofya kulia, chagua “Enable device”, mambo yamekwisha. Pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao ina maneno zaidi. Ibofye usome namba yake, maana namba ndiyo inayosema.

“Code 28” ni kwamba draiva haipo. “Code 10” ni kwamba draiva ipo lakini kifaa hakikuanza. “Code 43”, hasa ikija pamoja na jina “Unknown USB Device”, maana yake ni kwamba hodi ilisikika, kompyuta ikauliza wewe ni nani, na jibu likaja limeharibika au halikuja. Watu wengi wakiona 43 hukimbilia kutafuta draiva intaneti. Fikiri kidogo: kama kamera haijaweza hata kutaja jina lake, draiva ya nani utaiwekea? Anza na waya na umeme.

Shule moja ya sekondari iliniita kwa ajili ya kamera ya ukumbini iliyokataa baada ya kuhamishwa. Mezani ilifanya kazi, ukumbini “Code 43”. Walikuwa wameunganisha waya wa nyongeza wa mita tano, mwingine wa mita tano juu yake, halafu habu ya USB, kile kifaa cha kuongeza matundu, isiyo na chaja yake. Waya wa USB 2.0 haupaswi kuzidi mita 5 kwa jumla. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu, na habu isiyo na umeme wake mwenyewe hugawa kiasi hicho kwa vifaa vyote vilivyochomekwa, miliampia 100 kwa kila tundu ndicho kiwango chake halali. Kamera ilikuwa na njaa. Tulihamisha kompyuta karibu na jukwaa, kamera tukaichomeka moja kwa moja, ikaamka.

Kuna na jambo la upana wa njia. Picha ya 1920 kwa 1080 ina vidoti zaidi ya milioni 2. Kila kidoti kikibeba baiti 2, na picha 30 zikipita kila sekunde, unapata karibu biti milioni 995 kwa sekunde. USB 2.0 mwisho wake ni biti milioni 480. Haiingii! Ndiyo maana kamera hizi hubana picha ndani yake kabla ya kuzituma, na ndiyo maana ukichomeka kamera mbili na diski ya nje kwenye habu moja, ya pili huonekana kwenye orodha lakini hugoma kufunguka. Igawie tundu lake upande wa pili wa kompyuta, au punguza ukubwa wa picha kwenye programu.

Draiva nayo ina hadithi yake. Zamani kila kamera ilikuja na CD yake, na CD ikipotea kamera nayo imepotea. Mwaka 2003 viwanda vilikubaliana lugha moja ya kamera za USB, inaitwa UVC, na Windows XP kwenye toleo lake la pili la marekebisho, mwaka 2004, ikaja na draiva ya lugha hiyo ndani yake. Linux ikaifuata kwenye kiini chake mwaka 2008. Kamera inayozungumza UVC haihitaji chochote cha kupakua. Kwa hiyo draiva ikivurugika, dawa yangu ya kwanza ni kuirudisha ile ya Windows yenyewe: bofya kulia juu ya kamera, “Update driver”, kisha chagua kuvinjari kwenye kompyuta yako, kisha kuchagua kutoka orodha, na humo uchague “USB Video Device”. Ikishindikana, “Uninstall device”, halafu “Scan for hardware changes” kwenye menyu ya “Action”. Zile programu za bure zinazodai kutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja ziepuke. Nimezing'oa nyingi kwenye mashine za watu zikiwa zimeleta matangazo na draiva zisizo zao.

Kuna kundi la kamera ambalo UVC hailisaidii. Baadhi ya laptopu mpya, hasa nyembamba zenye kichakato cha Intel cha kizazi cha 12 na kuendelea, kamera yao haipiti USB. Imeungwa moja kwa moja na kichakato kikuu, na inahitaji draiva kadhaa za kiwanda zikifuatana. Ukipiga window safi kwenye mashine hizo, kamera iliyokuwa nzima asubuhi hupotea jioni, na mtu huapa kwamba fundi ameiharibu. Ingia ukurasa wa kiwanda cha laptopu hiyo, andika namba ya mashine iliyo chini yake, pakua draiva za kamera na za kichakato za mashine hiyohiyo, si za iliyofanana nayo. Kwenye Linux kamera hizi zilisumbua kwa muda mrefu kwa sababu hiyohiyo.

Na usikatae uwezekano kwamba kosa si lako wala la kamera. Agosti 2016 Microsoft ilitoa sasisho kubwa la Windows 10, na ghafla kamera nyingi za USB zilizokuwa zikifanya kazi jana yake zikaganda katikati ya mazungumzo. Sababu ilikuwa mfumo mpya uliowekwa ili programu zaidi ya moja zitumie kamera kwa pamoja. Mfumo huo mwanzoni ulizuia picha zilizobanwa, zilezile ambazo nimesema hapo juu kamera hulazimika kuzituma. Watu walinunua kamera mpya, nazo zikaganda vilevile, mpaka Microsoft ilipotoa marekebisho. Kamera ikipotea siku ileile kompyuta iliposasishwa, jaribu “Roll Back Driver” kwenye sifa za kamera kabla hujafungua pochi.

Windows inaiona, programu haiioni

Hapa pumua, hakuna kilichovunjika. Kwenye Windows 11 fungua “Settings”, “Privacy & security”, “Camera”. Kuna swichi tatu: ya kompyuta nzima, ya programu zilizotoka dukani kwa Microsoft, na chini kabisa ya programu za kawaida, inayoandikwa “Let desktop apps access your camera”. Watu huwasha mbili za juu, wakaisahau ya tatu, na ndiyo inayoihusu Zoom waliyoipakua kwenye tovuti. Kwenye kompyuta ya ofisi swichi hizi zaweza kuwa zimepauka na hazisogei. Hapo mkuu wa kompyuta wa ofisi ndiye mwenye ufunguo, mwombe yeye.

Google Meet na nyingine zinazofunguka ndani ya kivinjari zina ruhusa yao ya pili. Bofya alama iliyo kushoto mwa anwani ya tovuti, utaona kama kamera imezuiwa. Ukibonyeza “Block” mara moja kwa haraka, kivinjari kinakumbuka na hakitauliza tena. Na tovuti isiyoanza na https haipewi kamera kabisa.

Namba 0xA00F4243 ni tofauti na ile ya yule mama kwa tarakimu moja tu, lakini maana yake iko mbali: kamera ipo, ila programu nyingine imeishika. Funga Teams, na hata kichupo cha kivinjari ulichokiacha wazi tangu jana. Programu za kuzuia virusi pia, kama Kaspersky, ESET na Bitdefender, zina ulinzi wa kamera unaoweza kuifungia programu mpya bila kukuambia kwa sauti. Tazama mipangilio yake. Usiiondoe kabisa.

Uchaguzi wa kamera ndio mwepesi kuliko yote na ndio unaosahaulika. Laptopu zinazokutambua kwa uso zina kamera ya pili ya mwanga usioonekana. Mtu aliyewahi kuweka programu kama OBS au DroidCam ana kamera ya kubuni isiyo na kioo popote. Zoom ikichagua mojawapo ya hizo, utaona giza au nembo. Bonyeza mshale mdogo kando ya kitufe cha video, uchague jina jingine.

Kwenye Mac ruhusa ziko “System Settings”, “Privacy & Security”, “Camera”, na ukitaka kujua kama mashine yenyewe inaiona, fungua “System Information” utazame sehemu ya kamera. Mtumiaji wa Linux aandike lsusb kwanza. Kamera ikitajwa hapo, atazame kama kuna /dev/video0, na asishangae kamera moja kuleta namba mbili, maana ya pili hubeba taarifa za picha tu.

Saa ya kikao ikiwa imebaki robo

Kuna wakati huna nafasi ya kufuata mnyororo. Simu yako ina kamera nzuri kuliko ya laptopu nyingi. Ingia kikaoni kwa simu, kwa akaunti hiyohiyo, ukizima sauti upande mmoja ili isirudi mwangwi, na kazi nyingine uendelee nayo kwenye kompyuta. Baadhi ya simu za Android 14, kama Pixel, ukizichomeka kwa waya hukuruhusu kuzitumia kama kamera ya kompyuta, na iPhone nyingi zenye iOS 16 na kuendelea hufanya hivyo na Mac bila waya.

Ukiamua kununua kamera ya kuchomeka, nenda dukani na laptopu yako. Ichomeke moja kwa moja, bila habu na bila CD. Mlio ukisikika na jina likatokea chini ya “Cameras” bila kupakua chochote, fungua picha usogee dirishani uitazame kwenye mwanga na kwenye kivuli. Muuzaji akikuambia lazima kwanza uweke programu yake ndipo iamke, mshukuru, uiache mezani kwake.